Taka za Bonde Zima, Bili ya Mama Mmoja



Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala Katiba mpya. Naandika kuhusu taka. Najua kuna mtu ameshasonya, "sasa huyu naye!" Subiri kidogo. Ukifika mwisho utaona kwamba taka nazo ni suala la Katiba, la kodi, na la nani ana sauti katika jiji hili.

Mama yangu anasafisha ufukwe hapa Dar es Salaam. Hajitolei, ni kibarua. Anaamka saa kumi alfajiri, anapanda daladala mbili, na jua likichomoza anakuwa ameshajaza viroba vinne. Analipwa kwa siku, na hela inapitia kwa mzabuni aliyepewa kazi na halmashauri moja ya jiji hili. Sitaitaja, kwa sababu mama bado ana kibarua chake na mimi bado nina ada.

Masika yaliyopita mvua ilipiga siku tatu mfululizo. Siku ya nne mama alifika kazini akakuta mchanga hauonekani. Chupa za maji, makopo ya mafuta, ndala, matairi, magodoro, nepi, matawi ya miti, mbuzi aliyekufa. Vyote vimeletwa na mto usiku. Kazi ya wanawake kumi na mbili ikawa kazi ya watu mia, ila wakabaki wale wale kumi na mbili. Walifanya hivyo wiki sita. Mmoja wao alichomwa na sindano iliyokuwa ndani ya kiroba, akatumia dawa za kinga siku 28 kwa hofu ambayo sitaki kuielezea hapa. Glovu walizopewa ni jozi moja kwa mwezi.

Ikafika siku ya malipo. Mzabuni akasema mkataba wake unahusu taka zinazotupwa na watu ufukweni, na hizi zimeletwa na mto, kwa hiyo yeye mwenyewe bado anaidai halmashauri tripu za ziada. Halmashauri ikasema mto unatokea juu, waulizwe wa juu. Wa juu wakasema taka ikishaingia baharini si yao tena. Kila ofisi ilikuwa na barua yake, na kila barua ilikuwa na muhuri. Yaani wote walikuwa na hoja. Mama peke yake ndiye hakuwa na hoja, alikuwa na ndoo ya unga iliyobaki nusu.

Ndiyo maana nacheka ninaposikia mjadala wa "namna bora ya kugawana gharama za kusafisha fukwe." Ndugu zangu, gharama zimeshagawanywa zamani! Wamegawiwa wale ambao hawakuwepo kwenye kikao. Sehemu kubwa iko mgongoni kwa kina mama kama wangu, nyingine kwa wavuvi wanaochana nyavu kwenye matairi, na iliyobaki kwa wanafunzi wanaoitwa Jumamosi kupiga picha na mafagio. Swali la kweli ni hili: nani amekwepa fungu lake?

Tuufuate mto kwanza. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, mkoa wa Pwani, unatembea takriban kilomita 35 ukipita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unapokea mito ya Ubungo, Sinza na Luhanga, halafu unamwaga baharini pale Salenda. Hesabu hapo: Kisarawe, Jiji ambalo ni Ilala ya zamani, Ubungo na Kinondoni. Halmashauri nne, mikoa miwili, mto mmoja. Kule chini mpaka wa halmashauri unapita humo humo bondeni. Chupa ikielea kutoka Vingunguti haisimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Inafika Salenda, upepo wa kusi unaipokea, na kesho yake iko mbele ya mtu anayekula mihogo Coco Beach.

Sasa angalia tunavyolipia. Anayelipa ni yule ambaye ufukwe uko kwake. Wa juu halipi hata senti, kwa hiyo wa juu hana sababu hata moja ya kuizuia taka. Kila kiroba kinachoingia mtoni kwake ni akiba kwake: hajalipia gari, hajalipia dizeli, hajalipia dampo. Mvua ikija inamsafishia bure. Mfumo wa namna hii haushindwi kwa bahati mbaya. Unamlipa anayechafua na kumkata anayesafisha.

Hapa ndipo wanapotokea wale wa "wananchi wetu wachafu." Kila mvua ikinyesha utasikia: watu wa mabondeni hawana ustaarabu, watozwe faini. Mimi nimekulia bondeni. Naomba niseme jambo ambalo wanaopita juu ya daraja hawalioni. Kwetu gari la taka haliingii, njia haipitishi hata guta. Kizimba cha karibu ni mwendo wa kupanda mlima na kiroba kichwani. Kikundi cha vijana kinachozoa kinadai elfu mbili kwa mwezi, tunatoa, wiki mbili hawaonekani kwa sababu mkokoteni umeharibika au mtendaji amegombana nao. Taka inakaa uani, inatoa funza, watoto wanacheza pale pale. Usiku mvua ikianza, mtu anatoka na kiroba chake. Simtetei. Nasema tu kwamba usimwite mchafu mtu uliyemkatia huduma ukamwachia mto.

Tena tukumbushane historia kidogo, kwa sababu kabla taka haijatupwa na mtu wa bondeni ilitupwa na mamlaka yenyewe. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na harufu ya dampo lililokuwa kati ya nyumba zao. Walishinda. Jiji halikuhama, likawa linarudi mahakamani kuomba muda wa kuendelea kutupa, mpaka Jaji Lugakingira akalikatalia. Likahamia Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 nao wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda, na mahakama ikasema wazi kwamba kuwatupia watu taka kunagusa haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Baada ya hapo dampo likaenda wapi? Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi! Baadaye Mtoni, jirani na mto Kizinga. Ndipo likafika Pugu Kinyamwezi, mbali kiasi kwamba kila tripu sasa inakula dizeli. Kwa hiyo ukiona mto umegeuka dampo, ujue somo hilo halikuanzia kwa mama mwenye kiroba.

Nilisoma kesi hizi mwaka wa pili, maktaba, na niliwaza jambo moja. Watu wale walishinda kwa sababu dampo lilikuwa na mwenye nalo: Halmashauri ya Jiji, anwani inajulikana, wito wa mahakama unapelekwa. Leo dampo limekuwa mto, na mto una wenye nao wengi kiasi kwamba hauna mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa njia ya kwenda kudai. Kifungu cha 7 kimeweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Maneno mazuri sana. Ila mwambie mama yangu akamtafute "anayechafua" kwenye mto wa halmashauri nne! Kanuni isiyo na hesabu ya nani alipe kiasi gani inabaki kuwa shairi.

Tuje kwenye hela, maana ndiko siasa ilikojificha.

Halmashauri zinapoambiwa zisafishe zinajibu kwamba mapato hayatoshi. Ni uongo nusu. Nusu ya kweli ni hii: baada ya uchaguzi wa 2015, upinzani ulipochukua halmashauri kubwa za mijini, Serikali Kuu ilizinyang'anya kodi ya majengo. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 ikakusanywa na TRA. Siku hizi inakatwa kwenye LUKU. Tulianza na shilingi 1,000 kwa mwezi mwaka 2021, ikapanda hadi 1,500. Katika nchi nyingi kodi ya nyumba ndiyo inayosaidia kuzoa taka za mtaa wenye nyumba hizo. Kwetu mama ananunua umeme, anakatwa kodi ya jengo, hela inapanda hadi Hazina, halafu anaambiwa halmashauri haina uwezo wa kumlipa kwa kuzoa taka. Hebu nielezeni hiyo hesabu, mimi nasoma sheria, huenda wa uchumi wanaijua.

Na meza ya kukalia nayo imeondolewa. Mpaka tarehe 24 Februari 2021 tulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyosimama juu ya manispaa zote tano, na mambo yanayovuka mipaka, dampo likiwamo, yalikuwa na pa kujadiliwa na madiwani waliochaguliwa. Siku hiyo ilivunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Ilikuwa na matatizo, ndiyo, lawama za ulaji zilikuwepo. Lakini mtu mwenye nyumba inayovuja hubadilisha bati, habomoi nyumba. Leo mambo ya pamoja yanaamuliwa kwa maagizo ya mkoa, na mkuu wa mkoa hatukumpigia kura. Akiagiza usafi, tunafagia. Asipoagiza, mto unaendelea.

Niseme na letu pia, tusije tukajifanya malaika. Madiwani wa upinzani walikaa kwenye mabaraza ya jiji hili baada ya 2015, na Msimbazi ulikuwa mchafu vile vile. Nao waligombana na jirani kuhusu tripu. Kunyang'anywa kodi ni sababu, siyo kinga. Kama tunataka kuaminiwa siku tutakaporudi, lazima tuje na kitu zaidi ya "ondoeni hawa, wekeni sisi."

Basi nakiweka mezani, mkichambue.

Kwanza, kila bonde la mto katika Dar es Salaam liwe na mfuko mmoja wa kusafisha. Tuanze na Msimbazi. Mvua ikileta taka ufukweni, mfuko unalipa ndani ya wiki, vibarua kwanza, halafu wakubwa wadaiane baadaye. Hili ndilo sharti la kwanza kabisa, na sitakubali lipunguzwe: mgogoro wa ofisi mbili usikae kwenye mfuko wa mfagiaji.

Pili, fungu la kila halmashauri lipangwe kwa vitu viwili: ina watu wangapi ndani ya bonde, na wangapi kati yao hawafikiwi na huduma ya kuzoa taka. Ukiwafikia watu zaidi mwaka huu, fungu lako linashuka mwaka ujao. Hapo ndipo wa juu atapata sababu ya kununua guta na kujenga kizimba, kwa sababu kila kiroba kilichozuiwa Kigogo ni hela iliyobaki kwake. Kuokota chupa mtaani ni rahisi kuliko kuitafuta ndani ya mchanga ikiwa imechanganyika na sindano.

Tatu, Serikali Kuu itoe fungu lake, na lisiitwe msaada. Inakusanya kodi ya majengo yetu. Tena imeshakubali kwamba Msimbazi ni mzigo wa taifa: mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, kwa ajili ya mafuriko. Mkopo huo atalipa hata mkulima wa Kigoma ambaye hajawahi kuiona Jangwani. Kama zege la mto ni la taifa zima, kwa nini fagio la mto liwe la mama mmoja? Na mto uliopanuliwa kwa mabilioni bila mtu wa kuuzolea taka utaziba tena.

Nne, wazalishaji. Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na kwa kweli mifuko ile imepungua sana. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Chupa hazikuguswa. Anayejaza maji kwenye chupa anapata faida siku ya kuuza, na chupa ikishakuwa tupu inakuwa ya mama yangu. Wenzetu wa Kenya wameliandika kwenye Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 kwamba mzalishaji anabeba wajibu mpaka bidhaa inapogeuka taka. Sisi tunangoja nini? Kila chupa itoe kiasi kidogo, kiende kwenye mfuko wa bonde na kwa waokota chupa wanaouza kwa kilo, maana hao ndio wanaofanya kazi ya maana bila cheo wala tisheti.

Tisheti zimenikumbusha. Mwaka jana tuliitwa sisi wanafunzi kwenye usafi wa ufukwe, kampuni moja ikatugawia tisheti na maji ya chupa. Tulipoondoka, rundo la chupa tulizokunywa wenyewe lilikuwa pale pale. Mama alilizoa Jumatatu.

Sasa pingamizi, maana najua zitakuja.

Mtu atasema: Kisarawe ni maskini, utaidaije? Ndiyo maana nimesema fungu liende kwa watu walio ndani ya bonde. Kisarawe wanaoishi kwenye bonde la Msimbazi ni wachache ukilinganisha na Ilala, watalipa kidogo. Na mapato ya ndani ya halmashauri yaingie kwenye hesabu, mwenye mahoteli na ofisi ndefu asilingane na mwenye mihogo.

Mwingine atasema: basi mwenye hoteli ufukweni alipe yote, si ndiye anayefaidi? Alipe ushuru wake kama kawaida, na zaidi kidogo sioni ubaya. Lakini ukimwachia yeye ufukwe, atauzungushia ukuta. Tumeshaona fukwe ngapi ambazo mtoto wa Kigogo haziingii bila kununua soda? Ufukwe unaosafishwa na hela ya umma unabaki wa umma. Hilo nalo tulipiganie.

Wa tatu atasema: mwongezee ada mwananchi. Hapana! Kaya ya bondeni inalipa ada ya taka, inalipa LUKU, na mafuriko yakija inalipa kwa magodoro. Haitalipa mara ya nne.

Makamanda, kazi za kufanya ni hizi. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda, kaa, sikiliza, uliza fungu la usafi wa ufukwe ni shilingi ngapi na linasimamiwa na nani. Kila tawi letu lililo ndani ya bonde lihesabu mitaa yake: mingapi gari linafika, mingapi halifiki. Hesabu hiyo haihitaji kibali cha polisi. Tukiwa na orodha ya mitaa kutoka Kinyerezi mpaka Hananasif, tutakuwa na kitu ambacho ofisi zote nne hazina.

Na wanasheria wenzangu, msiogope mahakama. Mwaka 2020 Bunge lilibadili sheria ili anayefungua shauri la haki za msingi lazima aonyeshe ameathirika yeye binafsi. Walidhani wametufungia mlango. Sawa. Mlalamikaji aliyeathirika binafsi ninaye nyumbani. Ana mikono iliyochubuka, ana daftari lenye tarehe zote alizofanya kazi bila kulipwa, na aliandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya mdogo wangu.

Kwa taarifa yenu, mama alilipwa. Baada ya wiki tisa, na pungufu ya siku nne ambazo waliambiwa "hazionekani." Nilimuuliza kama anaona niandike haya. Akasema, "Andika mwanangu, ila usiseme tunaomba. Sema tunadai."

Basi nasema: tunadai.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, na mwanachama wa tawi la vijana, Dar es Salaam.